Abul-Alaa al-Maarri: kipofu wa Syria aliyeacha nyama, maziwa na asali

Mwaka juzi, siku ya pili ya Idd ya kuchinja, nilikuwa nyumbani Nakivale. Nyama kwetu si kitu cha kila wiki. Ziko nyumba kambini ambazo huiona siku ya udhiya tu, tena kwa vipande vidogo ili wengi wapate. Mama alikuwa amenihifadhia kipande tangu jana yake, akitumaini kwamba siku kama ile nitasahau haya mambo yangu. Nilikirudisha kwenye sufuria kwa upole wote niliokuwa nao. Baba mdogo, aliyekuwa ameketi mkekani akinitazama, akaniuliza kama huko chuoni Mbarara ndiko nilikofundishwa kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu.

Nilikuwa na maneno mengi, lakini jibu sikuwa nalo. Nilikuwa nimeacha nyama, samaki, mayai na maziwa kwa mwaka mzima, yaani nimekuwa kile ambacho siku hizi huitwa vigani, na sababu zangu nilizitoa kwenye filamu na video za Wazungu. Mbele ya baba mdogo zilikuwa hazina uzito hata wa punje ya mahindi. Nilirudi Mbarara na swali lake, na katika kulitafutia jibu nikakutana na mtu aliyeulizwa swali hilohilo karibu miaka elfu moja iliyopita, kwa barua, na mwanachuoni aliyejua kuuliza. Mhariri aliponitaka niandike wasifu wa mtu mashuhuri wa zamani, sikuhangaika kuchagua.

Jina lake ni Ahmad bin Abdallah bin Sulayman, wa kabila la Tanukh, kuniya yake Abul-Alaa. Alizaliwa mwaka 363 Hijria, sawa na 973 Miladia, katika mji wa Maarrat al-Nuuman, kaskazini ya Syria, baina ya Hama na Halab. Ndiyo maana anaitwa al-Maarri. Ukoo wake ulikuwa wa makadhi na watu wa elimu. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi alipatwa na ndui, ugonjwa uliomwachia makovu usoni na kumpofua. Mwenyewe alisema baadaye kwamba katika rangi zote za dunia aliyoikumbuka ni nyekundu tu, kwa sababu wakati anaumwa alivalishwa nguo ya rangi hiyo.

Alisoma kwa baba yake, kisha Halab. Alikuwa na hifadhi ya ajabu. Mambo mengi yanayosimuliwa juu yake yameongezwa chumvi, lakini kwamba aliweza kubeba kichwani lugha ya Kiarabu na mashairi yake kwa kiwango ambacho wenye macho walikishindwa, hilo hata maadui zake hawakulikana. Ujanani alitunga mashairi yaliyokusanywa katika diwani iitwayo Saqt al-Zand, nayo ndiyo iliyompa jina. Washairi wa zama zile waliishi kwa kuwasifu wakubwa na kulipwa. Yeye hiyo biashara hakuipenda.

Mwaka 1008 alikwenda Baghdad, akiwa na miaka thelathini na mitano. Alikaa mwaka mmoja na nusu hivi, akihudhuria vikao vya wanazuoni na maktaba kubwa ya mji ule. Wengi walimheshimu, lakini inasimuliwa kisa kimoja cha aibu. Siku moja alikuwa katika kikao cha Sharif al-Murtadha, mtu mkubwa wa Baghdad, ambaye alikuwa akimdharau mshairi al-Mutanabbi. Abul-Alaa alimpenda sana al-Mutanabbi, akajibu kwa kutaja shairi moja tu la mshairi huyo. Sharif, aliyekuwa mjuzi, akaelewa kwamba ndani ya shairi lile kuna ubeti unaomkejeli mwenye kumtia dosari mshairi. Akaamuru kipofu akokotwe kwa mguu atolewe nje.

Iwe kisa hicho ni kweli yote au nusu, Baghdad haikumfaa. Pesa zilimwishia, na habari za ugonjwa wa mama yake zikamfikia. Aliondoka mwaka 1010. Kabla hajafika Maarra mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Alimtungia maombolezo, akaingia nyumbani, na kwa karibu miaka hamsini iliyobaki hakutoka ila kwa nadra. Alijiita mfungwa wa vifungo viwili, upofu na nyumba yake, na mahali pengine akaongeza cha tatu, roho kufungwa ndani ya mwili.

Sisi tuliokulia Nakivale tunajua kukaa mahali pamoja miaka mingi. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na wengine wetu, kutoka Kongo, Burundi, Somalia na kwingine, tumezaliwa au tumekulia humo. Ila sisi hatukuchagua. Yeye alichagua, na nilipokuwa nikisoma habari zake hilo lilinikera kidogo mwanzoni.

Ni katika kipindi hicho alipobadili maisha yake ya chakula. Aliandika mwenyewe kwamba alipofika umri wa miaka thelathini alimwomba Mwenyezi Mungu amjaalie kufunga mwaka mzima, akawa hafungui ila siku za Idd mbili. (Wanafunzi wa fiqhi watasema kufunga hivyo kuna khilafu kubwa. Ni kweli, na tuliweke kando.) Akaacha nyama. Akaacha na maziwa, mayai, samaki, hata asali. Waliomjua wanasema chakula chake kilikuwa dengu, na kitu chake kitamu kilikuwa tini. Nguo yake ilikuwa ya pamba, na kitandani palikuwa na mkeka. Hakuoa.

Lakini usimdhanie mtu aliyekaa gizani peke yake. Nyumba yake ilikuwa chuo. Mwaka 1047 msafiri wa Kiajemi, Nasir Khusraw, alipita Maarra akiwa njiani, akaandika kwamba mtu huyu kipofu ndiye mkubwa wa mji, ana mali na watumishi wengi, lakini mwenyewe amevaa nguo nzito duni, amekaa ndani, na kula kwake ni kipande cha mkate wa shayiri tu. Akasema watu zaidi ya mia mbili wamekuja kutoka pande mbalimbali kusoma adabu na mashairi kwake. Suala la mali lina utata, kwa sababu Abul-Alaa mwenyewe aliandika kuwa pato lake ni dinari ishirini na kitu kwa mwaka, na mtumishi wake akichukua sehemu yake hakibaki cha kutosha. Mimi naelekea kuamini kwamba msafiri aliona heshima aliyopewa mzee na mji mzima akaihesabu kuwa ni utajiri.

Na siku mji ulipomhitaji, alitoka. Karibu na mwaka 1027 mwanamke mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa akalalamika kwamba mwenye kilabu cha pombe amemfanyia ubaya. Watu wakatoka na kukivunja kilabu. Amiri Salih bin Mirdas, mtawala wa Halab, akawakamata wakubwa sabini wa Maarra na kuja kuuzingira mji. Watu walimwendea Abul-Alaa. Akashikwa mkono, akatoka nje ya lango hadi kwenye hema la amiri, akawaombea. Amiri akawaachia wote, na mzee akarudi ndani kwake.

Sasa nifike kwenye diwani iliyonifanya nimwandike. Inaitwa Luzum ma la yalzam, maana yake kujilazimisha kisicholazimu. Jina hilo kwanza ni la ufundi. Shairi la Kiarabu linadai herufi moja ya kina mwishoni mwa kila ubeti. Yeye alijifunga na herufi ya kabla yake pia ilingane, shairi zima, kwa herufi zote za alfabeti. Kwa wapenzi wa mashairi ya Kiswahili, ni kama mtunzi wa utenzi aseme mizani na vina havinitoshi, na silabi iliyotangulia kina nayo iwe moja tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuna kanuni iliyomtaka afanye hivyo, na hakumlaumu mshairi yeyote kwa kutofanya.

Nilikaa na jina hilo siku nyingi, kwa sababu niliona ndivyo alivyokula.

Katika diwani hiyo limo shairi linalomwita mwenye maradhi ya akili na dini aje asikie mambo yalivyo, kisha linamwonya juu ya kula wanyama, samaki, maziwa, mayai na asali. Shairi hilo lilifika Misri, kwa al-Muayyad fid-Din al-Shirazi, daawa mkubwa wa dola ya Fatimiyya. Mabohora wa Afrika Mashariki wanamheshimu mpaka leo. Alikuwa bingwa wa mijadala. Akamwandikia mzee barua ya adabu kubwa na ujanja mkubwa zaidi. Akasema yeye ndiye huyo mgonjwa wa akili na dini, amekuja kutafuta dawa, basi aelezwe kwa nini mtu ajinyime nyama na maziwa. Barua zilikwenda na kurudi. Yaqut al-Hamawi alizihifadhi katika kitabu chake cha wasifu wa waandishi, na mwaka 1902 Mwingereza Margoliouth akazichapisha pamoja na tafsiri.

Nilipozisoma nilicheka peke yangu, kwa sababu niliyakuta maswali ya bwenini.

La kwanza ndilo la baba mdogo. Daawa alisema mimea imewekwa kwa ajili ya wanyama, na wanyama kwa ajili ya mwanadamu. Anayekataa kuwatumia anakwenda kinyume na mpango wa Muumba. Sisi tungetaja aya za Surat an-Nahl kuhusu wanyama wa kufugwa, maziwa na nyuki, na zinatosha. Abul-Alaa hakusema nyama ni haramu. Alisema mnyama anasikia maumivu, akataja kondoo anayenyang'anywa mwanawe, akataja nyuki anavyopigania asali yake. Kisha akasema kujinyima kwake ni kama mtu anayeongeza sala juu ya zile za faradhi. Hakuna anayemwambia mwenye kuswali tahajudi kwamba amewaharamishia wenzake usingizi.

Hapa ndipo nilipopata jibu langu, ingawa kutoka kwa mwingine aliye bora kuliko yeye. Sote tunaijua hadithi ya kenge wa jangwani aliyewekwa mbele ya Mtume (s.a.w.). Aliondoa mkono wake. Khalid bin al-Walid akauliza kama ni haramu, akaambiwa si haramu, ila si chakula cha kwao na nafsi haikipendi. Khalid akala, na Mtume anatazama. Basi kuna kuacha na kuna kuharamisha, na Surat at-Tahrim inakataza hilo la pili. Mimi nikisema nyama ya ng'ombe aliyechinjwa kwa bismillahi ni haramu, nimekosea na baba mdogo ana haki ya kunikemea. Nikisema mimi siili, huo ni mdomo wangu na tumbo langu.

Swali la pili la daawa lilikuwa gumu zaidi. Simba anamla swala, ndege anamla mdudu. Aliyewaumba hivyo ni Mwenyezi Mungu. Je, wewe Abul-Alaa una huruma kuliko Muumba? Jibu la mzee hapa, kwa maoni yangu, halikunyooka. Aliingia katika suala la kheri na shari na jinsi akili inavyoshindwa kulifumbua, akamwacha muulizaji njiani. Bwenini mimi hujibu kwa ufupi zaidi: simba hana taklifu. Hatakiwi kuswali, hataulizwa alichokula. Sioni kwa nini tumfuate yeye katika chakula tu. Na kama kuhurumia kiumbe ni kujifanya bora kuliko Muumba, basi yule mtu aliyemnywesha mbwa maji kwa kiatu chake akasamehewa naye tungemlaumu. Ama yule mama aliyemfunga paka hadi akafa kwa njaa, tunajua alikwenda wapi.

Kisha Abul-Alaa akatoa sababu ya tatu, na ndipo daawa alipomkamata. Alisema pia yeye ni maskini, hizo dinari ishirini na kitu hazimtoshi kula vinono. Daawa akaona mlango umefunguka. Akafanya mpango kwa mtawala wa Halab kwamba mzee apewe riziki ya kutosha, ale vizuri, na umaskini usiwe kizuizi tena.

Abul-Alaa alikataa. Akashukuru, akasema hataki, na hataacha mazoea yake mpaka kifo kimfikie. Daawa akamaliza kwa kulalamika kwamba alikuja kutafuta dawa na hakupewa jibu la wazi. Katika hilo nampa haki. Mtu akikuuliza kwa nini huli nyama, na ukamjibu kwa umaskini wakati sababu yako ni huruma, umemchezea. Nimefanya hivyo mara nyingi. Kantini ya chuo nimesema tumbo linaniuma. Harusini nimesema nimeshiba. Nyumbani niliwahi kumwambia mama daktari amenikataza, na huo ulikuwa uongo mtupu, nikalazimika kutubu na kumwambia.

Kuhusu umaskini nina neno zaidi, kwa sababu dinari za Abul-Alaa zinanigusa. Nakivale watu wengi hawali nyama, na hawakuisoma popote. Mgao wetu ulikuwa mahindi, maharage na mafuta; sasa wengine hupewa pesa badala yake, na mgao wenyewe umepunguzwa mara kadhaa. Mtoto wa jirani akiniona nasukuma nyama pembeni anaona kichaa. Kuacha kitu ukiwa nacho ni jambo moja, na kukikosa ni jingine, na mimi nikipata mkopo wa rafiki na kibarua cha kufundisha mjini nimevuka upande wa wanaoacha. Kwa hiyo sitamwambia mama mwenye watoto wadogo kambini akatae yai analopewa. Simwambii hata kidogo. Abul-Alaa hakuwa na mtoto wa kulisha. Ni rahisi kuwa thabiti ukiwa peke yako na mtumishi.

Na afya je? Hili ndilo swali la wenzangu wanaosoma udaktari, na si la mzaha. Vitamini B12 haipatikani katika mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Mwili huweka akiba yake kwenye ini, ndiyo maana mtu anaweza kukaa mwaka au zaidi akijiona mzima, kisha damu inapungua, miguu inakufa ganzi, na mishipa ya fahamu ikiharibika sana huenda isirudi. Mimi nanunua vidonge dukani Mbarara na navimeza. Protini si tatizo kwa mtu wa maharage, karanga na dengu. Madini ya chuma ya mchicha huingia vizuri zaidi mwilini ukikamulia ndimu. Mjamzito na anayenyonyesha wasiingie njia hii bila kumwona mtaalamu wa lishe. Abul-Alaa aliishi zaidi ya miaka themanini kwa dengu na tini, lakini uzee ulimdhoofisha vibaya, na sitamtumia kama cheti cha hospitali.

Swali ambalo daawa hakuliuliza, kwa kuwa hakuishi Ankole, ni la wafugaji. Mbarara ni mji wa maziwa. Sanamu la ng'ombe wa pembe ndefu limesimama mjini, na ukikaribishwa nyumba ya Mnyankole unapewa maziwa kabla hujaulizwa habari. Ukiyakataa umekataa undugu. Harusini kuna eshabwe, ile mchuzi mweupe wa samli, na bibi mmoja aliwahi kunitazama kwa huruma ya kweli nilipoipitisha. Familia nyingi hapa zimesomesha watoto kwa ng'ombe, wakiwemo wenzetu wa jumuiya. Nikiwaambia mali yao ni dhuluma, nitakuwa nimejipa ukadhi. Nilichojifunza ni kusema mapema, kabla chakula hakijapikwa, na kuomba ndizi na mchuzi wa karanga, ambavyo karibu kila nyumba wanavyo. Mwenyeji huumia zaidi kwa sahani iliyorudi kuliko kwa ombi lililotangulia.

Ndugu mmoja aliniuliza kuhusu udhiya. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i ni sunna iliyosisitizwa. Mwaka jana nilichangia fungu pamoja na wenzangu, kisu kikanolewa mbali na macho ya mnyama kama tulivyofundishwa, na sehemu yangu ikaenda kwa majirani. Kuna atakayeona ninajipinga. Labda. Ibada sijaiweka kwenye mizani moja na sahani yangu ya jioni, na sidhani nina ruhusa ya kuiweka.

Nirudi kwa mzee, maana simpambi. Katika Luzumiyyat zipo beti zinazotilia shaka mapokeo ya dini, beti zinazodharau kusomesha wanawake, na huzuni nzito kiasi cha kuhesabu kuzaa kuwa ni kosa dhidi ya anayezaliwa. Ibn al-Jawzi alimweka katika orodha ya mazindiki wakubwa watatu. Ibn al-Adim, mwanahistoria wa Halab, aliandika kitabu kizima kumtetea, akisema amedhulumiwa na kusingiziwa. Mimi si wa kuhukumu baina yao. Akida yangu siichukui kwake, kama ambavyo sikuichukua kwenye zile video. Alitunga pia Risalat al-Ghufran, safari ya kubuni ya Peponi na Motoni, na barua ndefu ambamo farasi na nyumbu wanazungumza; hiyo ya pili ningependa siku moja mtu aifasiri kwa Kiswahili.

Alifariki mwaka 449 Hijria, Mei 1057, baada ya kuugua siku chache. Inasimuliwa kwamba tabibu alimwandikia supu ya kifaranga cha kuku. Waliomuuguza wakaipika na kumletea. Aliigusa kwa mkono, akaikataa, akamwambia kifaranga kwamba kwa kuwa ni mnyonge ndiye walioona wamwandikie, mbona hawakumwandikia mtoto wa simba. Sijui kama ilitokea hivyo. Wanasema pia washairi zaidi ya themanini walisoma maombolezo kaburini kwake.

Miaka arobaini na moja baadaye, Desemba 1098, askari wa Msalaba waliuteka mji wake, wakaua watu wake, na waandishi wa Kifaranga wenyewe waliandika kwamba katika njaa ile kuna walioila miili ya waliouawa. Karne ya ishirini Taha Hussein wa Misri, naye kipofu tangu utotoni, alimwandikia tasnifu yake ya udaktari mwaka 1914. Mwaka 2013, katika vita vya Syria, watu wenye silaha waliikata kichwa sanamu yake mjini Maarra.

Idd iliyofuata nilikwenda nyumbani siku mbili kabla, nikamwambia mama mapema. Alipika sombe kwa mawese na karanga, bila dagaa, akalalamika kwamba haina ladha, akaila. Baba mdogo alitaka nimsimulie huyo Mwarabu wangu ni nani. Nilimsimulia yote, na beti mbaya nikamtajia, na hadithi ya Khalid na kenge nikamkumbusha. Aliuliza kama alikuwa anafunga. Nikasema mwaka mzima, isipokuwa Idd mbili. Akanyamaza kidogo, akachukua kile kipande kilichokuwa cha kwangu akakiweka kwenye sahani yake, akaniambia nimsogezee sombe.